Je, Ardhi Rahisi Haina Mwenyewe?

Mwezi wa Desemba, mwaka juzi, mwenzangu mmoja afundishaye Kiswahili katika shule ya sekondari huko Jinja alinijia hapa Mbale akiwa na habari ambayo kwake ilikuwa njema mno. Dalali mmoja alikuwa amemweleza kwamba huko Karamoja, upande wa Nakapiripirit, kuna ardhi inauzwa kwa bei ambayo hapa kwetu haimpatii mtu hata kiwanja cha nyumba ya vyumba viwili. Kwa fedha hizo angepata ekari hamsini, na za ziada kama angefanya haraka. "Ni rahisi, Mwalimu," aliniambia kabla hajakaa vizuri kitini, "rahisi kabisa." Alitaka kwangu mambo mawili. La kwanza, niongeze fedha zangu tununue pamoja. La pili, tukishapatana na wenyeji, niandike hati ya mauziano kwa Kiswahili, maadam wauzaji hawajui Kiingereza cha mawakili, na yeye hajui Kikaramojong hata neno moja. Kiswahili ambacho wenyeji wale walijifunza jeshini na minadani ndicho kingekuwa daraja.

Sisi tufundishao lugha tuna tabia, pengine ni ila, ya kusimama juu ya neno wakati wenzetu wanakimbilia jambo. Nilisimama juu ya neno rahisi. Kwa asili ya Kiarabu lina maana ya kitu cha bei ndogo; sisi Waswahili tumeliongezea maana ya kitu kisicho na ugumu, hata mwanafunzi akimaliza mtihani husema ulikuwa rahisi. Maana hizi mbili zimeshikana mno, na mtu aliyepata kitu kwa bei ndogo hudhani kuwa hakuna ugumu wowote katika kukipata. Wahenga hawakudanganyika. Walisema rahisi huvunja upishi. Lakini methali hiyo inamwonya mnunuzi juu ya hasara yake mwenyewe, kwamba nyama ya bei ndogo itamharibia mchuzi. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: bei inapokuwa ndogo kupita kiasi, hasara iliyobaki imekwenda kwa nani?

Kabla sijaendelea, yanipasa nimtendee haki ndugu yangu huyu, kwa sababu si mlafi wala mtu wa kujilimbikizia. Amezaliwa katika miteremko ya Mlima Elgon, mlima ambao Wagisu huuita Masaba, mahali ambapo shamba la babu limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, hata sasa mpaka kati ya ndugu na ndugu ni mstari wa migomba. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa mlima ule uliporomoka huko Nametsi, katika wilaya ya Bududa, ukafukia watu kwa mamia. Serikali iliwahamishia baadhi ya walionusurika Kiryandongo, mbali na mlima na mbali na makaburi yao. Mwezi wa Oktoba 2018 maporomoko yalirudi Bududa. Nyuma ya nyumba ya mama yake mwenzangu kuna ufa ardhini, na kila msimu wa mvua yeye hupiga simu kutoka Jinja kuuliza ufa ule umefika wapi. Jinja kwenyewe anapanga vyumba. Pembezoni mwa mji, tangu kiwanda cha Kakira kilipoanza mwaka 1930, miwa imeenea katika mashamba ambayo wakulima wadogo wangeweza kulima chakula, na kiwanja cha mtu wa mshahara wa ualimu hakikamatiki. Mtu wa namna hii akisikia kuna nchi pana yenye bei ndogo, nani atamlaumu kwa kuchukua mkoba wake?

Basi tulikwenda. Kutoka Mbale tulipita Sironko na Muyembe, tukavuka hifadhi ya wanyama ya Pian Upe, tukafika Namalu, na mbele yetu ukasimama Mlima Kadam. Mtu aliyezoea kijani cha Bugisu macho humtoka. Si jangwa kama Sahara, la. Ni nchi ya nyasi ndefu za manjano, migunga, vichuguu, na mito iliyokauka ikabaki mchanga mweupe. Tulitembea kwa miguu zaidi ya saa nzima pamoja na dalali na kijana mmoja muuzaji, bila kukutana na mtu. "Unaona?" alisema dalali. "Hapa hapana mwenyewe." Mwenzangu alikuwa amekwisha kuanza kupima kwa macho mahali pa nyumba.

Hata hivyo, kwa kadiri tulivyotembea, niliona vitu vitatu. Niliona duara la matawi ya miiba yaliyooza, ambalo bila shaka lilikuwa zizi. Niliona, katika mchanga wa mto, shimo refu la maji lililochimbwa kwa mikono, nalo limezungushiwa miiba mipya ili wanyama wasilibomoe. Na niliona mti mmoja mkubwa ambao chini yake nyasi zilikuwa zimekanyagwa hata ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Nilimwuliza yule kijana habari za mti ule. Alijibu kwa mkato, "Wazee hukaa hapo," kisha akatangulia mbele.

Msomaji aliyekulia penye mvua mbili kwa mwaka hana budi aelezwe jinsi nchi ile inavyotumika, maana bila kuelewa hilo hoja zote za haki zitaelea hewani. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, aghalabu kati ya Aprili na Septemba, na mvua hiyo haina ahadi. Yaweza kunyesha sana upande mmoja wa kilima na kuunyima kabisa upande wa pili. Mwaka unaofuata ikageuka. Kwa hiyo Wakaramojong wana makao ya aina mbili. Kuna maboma ya kudumu, wanamokaa wazee, akina mama na watoto, karibu na mashamba ya mtama. Na kuna kambi za mifugo, ambazo vijana huzihamisha kufuata nyasi na maji, na wakati wa kiangazi huweza kufika mbali, hata kwenye mipaka ya Teso na Sebei. Eneo linaloonekana tupu mwezi wa Desemba ni malisho ya Mei. Eneo linaloonekana tupu miaka mitatu mfululizo ni akiba ya mwaka wa nne, ule ambao mvua itaanguka pale tu na si penginepo. Utupu wake ni kama utupu wa ghala kabla ya mavuno.

Jioni tulipokuwa tunazungumza bei, alikuja mzee mmoja na fimbo yake na kigoda chake kidogo, akaketi bila kualikwa, kama ilivyo haki ya mtu aliye kwao. Tulimwamkia, akaitikia kwa Kiswahili cha jeshi, kikavu lakini kinachoeleweka. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza mwenzangu, "Wewe mwalimu, ukichukua hapa na kuweka seng'enge, mwaka mvua isipoanguka ndani ya seng'enge yako, ng'ombe wako utawapeleka wapi?" Mwenzangu akajibu kwamba atawapeleka kwa majirani. Yule mzee akatikisa kichwa. "Ndiyo. Nasi tutakupa. Na mwaka mvua ikianguka ndani ya seng'enge yako peke yake, sisi tutakwenda wapi?"

Hapakuwa na jibu usiku ule. Na mimi, nikiwa njiani kurudi Mbale, niliona kwamba swali la mzee yule limegusa mahali ambapo wanafalsafa wa mbali wamekwisha kuumizana vichwa.

Yuko John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, aliyefundisha kwamba ardhi huwa ya mtu pale anapoichanganya na jasho lake. Anayelima, anayepanda, anayezungushia ua, huyo ameiondoa katika ushirika wa watu wote na kuifanya yake. Mafundisho haya yana ladha tamu kwa mkulima, nami sikatai kuwa yana kiini cha haki. Lakini Locke, aliyekuwa pia katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, alipotaka mfano wa ardhi iliyolala bure alitazama Marekani, nchi iliyokuwa na wenyewe waliowinda, waliolima na waliohama kwa majira. Jasho la jembe alilitambua. Jasho la anayechunga na anayewinda halikumwonekania kuwa jasho la kutosha. Miaka mingi baadaye, mwaka 1877, bunge la Marekani lilitunga sheria ya ardhi za jangwa, ambayo kwayo mtu aliweza kupewa hadi ekari 640 kwa dola moja na senti ishirini na tano kila ekari, mradi azinyweshe maji. Wengi walizichukua bila kunywesha chochote. Na hadi leo viwanja vya jangwani vinauzwa huko kwa watu wa mijini ambao wengine hawajapata kuviona, mahali pasipo na kisima wala njia.

Hata hivyo Locke mwenyewe aliweka sharti ambalo wafuasi wake hulisahau upesi: mtu anaweza kujitengea sehemu iwapo tu inayobaki kwa wengine inatosha na ni nzuri vilevile. Swali la mzee wa Nakapiripirit ni sharti hilohilo likisemwa na mtu asiyepata kumsoma Locke. Ekari hamsini katika nchi ya ekari maelfu zaonekana si kitu. Lakini ekari hamsini zenye shimo la maji, au zilizo katika njia ya kwenda kwenye maji, ni nyingi kuliko elfu moja za miiba mitupu.

Sheria ya Kiislamu, ambayo wasomaji wetu wengi wanaijua kuliko mimi, nayo imelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Ina mlango mzima juu ya ardhi mfu, kwamba aihuishaye huwa yake. Mtu wa haraka angesema: basi, Karamoja ni ardhi mfu, na tuihuishe. Lakini wanazuoni hawakuliacha neno mfu bila mipaka. Malisho ya watu wa kijiji na mahali wanapookota kuni, ijapokuwa hapajalimwa, hapahesabiwi kuwa ni pafu. Na kisima kina eneo lake linalokizunguka ambalo halichukuliwi na mtu mwingine. Kwa maneno mengine, uhai wa ardhi hupimwa kwa watu wanaoitegemea, haupimwi kwa ukijani wake.

Kwa upande wetu wa Afrika ya Mashariki, Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958 kijitabu alichokiita Mali ya Taifa, akipinga mpango wa kuifanya ardhi ya Tanganyika kuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu ana haki ya kile alichokifanyia kazi, lakini ardhi hakuitengeneza mtu yeyote. Uganda hatukuifuata njia hiyo. Katiba yetu ya mwaka 1995 inasema ardhi ni ya raia wa Uganda, nayo inatambua umiliki wa aina nne, mmojawapo ukiwa ule wa kimila. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliongeza kwamba watu wanaotumia ardhi kwa pamoja wanaweza kuunda chama cha ardhi ya jumuiya na kuiandikisha kwa jina la wote. Kwa hiyo mwenzangu ana haki ya raia kununua popote katika nchi yake. Swali ni kama yule kijana aliyetutangulia pale mtini alikuwa na haki ya kuuza.

Hapa nitaingiza kumbukumbu za nyumbani, kwa sababu sisi wa Jinja na Mbale hatustahili kujifanya wageni katika jambo la ardhi tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno katika Busoga, na kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni iliwahamisha waliobaki kando ya ziwa. Pwani ya kusini ya Busoga ikawa pori. Baadaye sehemu yake ikafanywa msitu wa serikali, na vizazi vya wale waliohamishwa wamegombania kurudi. Nani angethubutu kuwaambia Wasoga kwamba babu zao hawakuwa na nchi kwa kuwa mbung'o aliwafukuza? Mji huu wa Mbale nao ulianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari Mganda ambaye Waingereza walimgawia ardhi isiyokuwa yao kuigawa. Na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, maduka na nyumba za Jinja na Mbale ziligawiwa watu kwa bei ya bure au bila bei kabisa. Waliozipata tuliwaita mafuta mingi. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kurudisha mali zile, na katika miaka iliyofuata wenyewe wakaja na hati zao mkononi. Wazee wengi wa mitaa hii wanakumbuka kuwa ile rahisi ya 1972 ilikuwa bei ya mtu asiyekuwapo.

Nilimweleza mwenzangu haya yote, naye akanijibu kwa maneno ambayo sikuweza kuyapuuza. Alisema kwanza: Wakaramojong walituhurumia lini? Mwaka 1979, Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki zile zikaja zikachukua ng'ombe wa Teso, wa Sebei na wa Bugisu. Ng'ombe wa babu yake ni miongoni mwao. Hilo ni kweli, nami sina haki ya kumwambia asahau. Lakini deni la ng'ombe hudaiwa kwa aliyechukua, tena kwa uwazi. Halikatwi kimyakimya katika bei ya malisho ya mtu mwingine. Na bunduki zile hazikuwahurumia Wakaramojong wenyewe. Katika njaa ya 1980, ukame ulipoungana na silaha hata watu wasiweze kuhama kutafuta chakula, watafiti walikadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano alifariki. Hiyo ndiyo maana ya kufungiwa njia katika nchi ile, ikiwa imefungwa kwa risasi au kwa seng'enge.

Pili alisema neno zito zaidi. "Mwalimu, wewe unawafanya watoto. Mgisu akiuza shamba lake, unasema ameuza. Msoga akikodisha kwa miwa, unasema amekodisha. Mkaramojong akitaka kuuza apeleke mwanawe shule, unasema hajui atendalo. Huo ni utu au ni dharau?" Nakiri kwamba usiku huo sikulala mapema. Wakoloni walikuwa na mtindo huo hasa: waliifunga Karamoja, mgeni akahitaji kibali cha kuingia, wakisema wanawalinda wenyeji, na matokeo ya ulinzi ule ni kwamba shule na barabara zilichelewa kufika. Kumzuia mtu asiuze chake kwa kisingizio cha kumpenda ni namna ya kumnyang'anya.

Nimeipima hoja hiyo mara nyingi, nami naona ina nguvu pale tu kilichouzwa kinapokuwa chake. Yule kijana angeniuzia fahali wake kwa bei ya kutupa, ningemwuliza mara mbili, kisha ningemlipa. Malisho si fahali. Katika Kajiado ya Kenya, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu Wamasai kumiliki ardhi kwa vikundi. Miaka ilipopita vikundi vikaanza kugawanya vipande, kila mtu na hati yake, na wengi wakauza upesi kwa watu wa Nairobi. Kila aliyeuza aliuza kipande chake halali kwa hiari yake. Lakini vipande vilipozungushiwa ua kimoja baada ya kingine, njia za mifugo zilifungika hata kwa yule ambaye hakuuza chochote. Hiari ya mmoja ilikuwa imeuza njia ya jirani.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzangu hakulitaja mpaka nilipomwuliza. Dalali alikuwa amemnong'oneza kwamba lami ya barabara ya Muyembe hadi Nakapiripirit itaipandisha bei ya ardhi ile. Je, muuzaji alilijua hilo? "Kila mtu anaiona barabara," alinijibu. Kweli anaiona, lakini kuona katapila na kujua bei ya kesho ni mambo mawili. Cicero wa Roma alisimulia kisa cha mfanyabiashara aliyepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine nyingi za nafaka ziko njiani. Je, awaambie wenye njaa, au anyamaze auze ghali? Cicero aliwaleta wanafalsafa wawili wakabishana, mmoja akisema kunyamaza si kudanganya, kisha yeye mwenyewe akaamua kwamba mwuzaji hakupaswa kuficha. Kwetu mambo yamegeuka, anayejua ni mnunuzi. Lakini naona uamuzi ni uleule, tena ni mzito zaidi pale ambapo anayejua ndiye mwenye kusoma na ndiye anayeshika kalamu.

Na kalamu yenyewe ilikuwa yangu. Hapo ndipo falsafa ilipogeuka kazi ya mezani. Katika mazungumzo, dalali alikuwa akisema kuuza. Yule kijana alisema mara kuuza, mara kutoa. Mzee, kila alipotaja jambo la mwenzangu kuja kukaa pale, alitumia kumkaribisha. Kiswahili kina maneno yote hayo, na kila moja lina haki zake. Aliyekaribishwa hulima, hujenga, hulisha, na hupokea mifugo ya mwenyeji wake mvua inapomwangukia. Aliyekodi hulipa na muda wake huisha. Aliyenunua hana wa kumwuliza. Na neno mwenyeji, ambalo tunawafundisha watoto bila kulifikiri, ni mwenye mji. Tunafanyaje kwa watu ambao mji wao una miguu? Ningeandika kuuza, ile karatasi ingeshinda maneno ya wote waliokuwapo, kwa sababu hakimu wa Moroto au wa Mbale angesoma karatasi. Yule mzee na kigoda chake asingemsikia.

Nilimwandikia mwenzangu rasimu, lakini si ile aliyoitaka. Ndani yake ardhi haiuzwi. Anapewa mahali pa kulima na kujenga, karibu na Namalu ambako udongo ni mzuri na mvua ni afadhali, kwa malipo ya kila mwaka, mbele ya wazee waliokusanyika wote na si kijana mmoja. Shimo la maji na njia yake vinabaki wazi. Habari za lami zimetajwa kwa jina. Mwenzangu alisoma, akakunja uso, akasema kwamba kwa masharti haya mama yake atahamia mahali ambapo mtoto wake hana hati. Sikuwa na la kumjibu, kwa maana ni kweli. Na ufa ule wa nyuma ya nyumba hausubiri tumalize mjadala. Mimi sikuongeza fedha zangu. Yeye bado anazo zake.

Wazee, nasikia, hawawezi kukutana mpaka mvua zianze na kambi za mifugo zirudi. Rasimu iko mezani kwangu. Mahali pa muda wa makubaliano, ambapo yeye alitaka niandike milele, nimepaacha wazi.